Dawa ya Mzee, Friza ya Barafu

ZUHURA: Karibuni tena. Frenk kaja na chupa yake ya chai ya tangawizi, na kama mnavyomjua, mimi sijakaribishwa.

FRENK: Rudisha kwanza chupa ya mwezi uliopita. Haya, leo ni dawa za kuweka njia ya haja kubwa. Nimeandika mambo saba ya kujifunza.

ZUHURA: Saba yako yasubiri. Juzi nimekwenda kwa mteja wangu Tabata, yule mzee wa kiharusi. Kafunga choo, daktari kaandika bisakodili ya kuweka. Namuuliza mama mwenye nyumba dawa iko wapi. "Kwenye friji, nesi." Nafungua, sioni. "Siyo hapo, juu, kwenye barafu."

FRENK: Barafu zipi? Zile za kuuza?

ZUHURA: Za ukwaju na za ubuyu, zimepangwa vizuri, boksi la mzee katikati. Na muuzaji ni mjukuu wa darasa la kwanza.

FRENK: (anacheka) Hodi! Naomba ya ukwaju! "Ukwaju umeisha, ipo ya babu."

ZUHURA: Wewe cheka. Mimi nilihesabu zilizomo kwenye boksi kabla ya kusalimia.

FRENK: Zilitimia?

ZUHURA: Zilitimia, alhamdulillahi.

FRENK: Ila yule mama nisimlaumu sana. Nimekaa dirisha la famasia, watu wanaziona zimelegea wanachanganyikiwa. Nyingine zimetengenezwa kwa siagi ya kakao, na siagi hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, kusudi iyeyuke mwilini. Sasa chumba cha bati, Februari, Tabata, itabaki nini? Lakini friza hapana. Soma boksi. Nyingi zinataka chini ya nyuzi 25 au 30, na zikihitaji ubaridi, weka kwenye friji ya kawaida, mbali na mikono ya watoto.

ZUHURA: Na iliyoyeyuka ikaganda tena?

FRENK: Usidanganywe na umbo. Dawa yenyewe inaweza kuwa imetuama upande mmoja. Kamuulize mfamasia.

ZUHURA: Ile ya friza sikuitumia. Kijana kaenda kuleta boksi jipya, na bado kuna mtoto mlangoni anagonga...

FRENK: "Shikamoo nesi, ya mia mbili ipo?"

ZUHURA: Frenk! Wenzako wanasikiliza wajifunze.

FRENK: Mimi kwenye hiyo friza siondoki leo.

ZUHURA: Basi nikafunga mlango, nikamweleza mzee ninachotaka kufanya, nikamuuliza kama yuko tayari. Nikauliza pia kama anatoka damu. Nikamlaza ubavu wa kushoto, mguu wa juu umekunjwa, shuka imemfunika, panaonekana pale tu panapohitajika. Mkono wake wa kiharusi nikauwekea mto. Glavu, jeli ya maji...

FRENK: Siyo mafuta ya mgando.

ZUHURA: Siyo mafuta ya mgando. Nikamwambia avute pumzi kwa mdomo, maana akijibana, msuli wa mlango wa haja kubwa unaisukuma dawa nje. Ipite ule msuli, ilale kwenye ukuta wa utumbo. Ukiichomeka kwenye kinyesi haigusi ukuta, haifanyi kazi. Kisha alale hivyo hivyo. Bisakodili huchukua kama dakika 15 mpaka saa nzima, kwa hiyo sufuria ya choo iwe karibu.

FRENK: Na siku ambazo wewe huendi?

ZUHURA: Hapo ndipo penye neno. Mtoto wake wa kiume anashinda Kariakoo. Familia inataka mkamwana ndiye aweke. Nimekataa.

FRENK: Kwa nini? Mfundishe. Dawa haijui mkwe.

ZUHURA: Dawa haijui, mzee anajua. Atamtazamaje mkwewe kesho?

FRENK: Si alikubali?

ZUHURA: Alisema "sawa tu" huku anatazama ukuta. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, ukimuuliza mbele ya familia nzima, atasema nini zaidi ya sawa?

FRENK: Kwa hiyo akae na choo kigumu, tumbo limejaa, mpaka kijana afunge duka?

ZUHURA: Bisakodili inaweza kungoja jioni. Siyo diazepamu ya degedege.

FRENK: Leo inangoja. Kesho anaungua homa, hawezi kumeza, kuna parasetamoli ya kuweka, na aliyepo nyumbani ni mkamwana peke yake. Umeshamwambia siyo kazi yake. Ataigusa?

ZUHURA: Homa ni jambo jingine.

FRENK: Njia ni ile ile, Da Zuu!

ZUHURA: Kamuulize mzee akiwa peke yake, ndipo uje na hilo jibu.

FRENK: Na wewe umemuuliza mkamwana? Pengine yeye haoni shida.

ZUHURA: Mwili ni wa nani?

FRENK: Mimi sibadiliki.

ZUHURA: Na mimi sikubembelezi.

FRENK: Fundi wetu anaonyesha vidole viwili. Dakika mbili? Mambo yangu saba!

ZUHURA: Soma moja.

FRENK: Namba tano. Damu isiyojulikana chanzo, kuhara, au kapasuliwa huko karibuni: usiweke, piga simu kwa daktari kwanza.

ZUHURA: Na mwenye shida ya moyo, uliza pia kabla. Kugusa huko kunaweza kushusha mapigo. Na uandike saa uliyoweka, mwenzako wa zamu asirudie.

FRENK: Hiyo ilikuwa namba sita yangu. Ila huyo mkamwana, Da Zuu...

ZUHURA: Zima, zima!