Saa 20 kwa Wiki, na Ahadi ya Dola 300

MUDI: Karibuni tena. Niko Dar, jenereta mnayoisikia ni ya jirani, msinitumie meseji. Dada Zawadi yuko Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, na leo kaja na karatasi.

ZAWADI: Ina mambo matano. Mwanafunzi aliye ugenini, nyumbani kumeungua, afanye nini. Usinivuruge.

MUDI: Mimi tena?

ZAWADI: Jumanne nimemsindikiza mpangaji wangu kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake.

MUDI: Yule kijana wa Goma, Kongo? Wa sombe?

ZAWADI: Huyo huyo. Mzee wake ana duka la vipuri, na ada ilikuwa inatoka kwenye akaunti ya benki pale pale mjini. Januari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafungwa. Pesa ya mzee ipo ila haitoki. Mtu anayevuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta noti za kula, ada ya Marekani ataitoa wapi?

MUDI: Na kijana si ana kazi?

ZAWADI: Anaosha vyombo bwaloni. Viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, inampa saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, ndani ya chuo tu. Na lazima achukue mzigo kamili wa masomo, krediti 12 kwa muhula. Akishusha bila ruhusa, uhalali wa kuwa nchini unakatika.

MUDI: Lakini kuna ile nafuu waliyopewa Waukraine.

ZAWADI: Ipo. Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani inatangaza nchi kwa nchi. Aprili 2022 walitangaza Ukraine na Sudan kwa pamoja. Ukiwa wa nchi hiyo, uko masomoni tayari, na ukaonyesha umeishiwa kwa sababu ya janga lile, unaruhusiwa kupita saa 20, hata kufanya kazi nje ya chuo ukipata kibali. Na wa shahada ya kwanza anaweza kushuka hadi krediti 6, akahesabiwa bado anasoma mzigo kamili. Haiti walipata baada ya tetemeko la 2010, Nepal baada ya lile la 2015. Mwaka 1998 walipewa kina Indonesia na Thailand, sarafu zao zilipoporomoka.

MUDI: Kongo je?

ZAWADI: Ofisa kafungua orodha, kashusha, kapandisha. Kongo haimo. Tumekaa kimya pale, simu ya kijana ikalia. Unajua ni nini?

MUDI: Nyumbani?

ZAWADI: Mchango wa harusi.

MUDI: (anacheka) Acha!

ZAWADI: Kundi la WhatsApp. Binamu yake anaoa Kampala. "Ndugu zetu wa Amerika, tunangoja." Na mbele ya jina lake pameshaandikwa dola 300. Hakuahidi!

MUDI: Kaahidiwa na kamati. Kwa dola 300 anapata kadi ya double, ya watu wawili, lakini?

ZAWADI: Yuko Iowa, Mudi. Double aende na nani?

MUDI: Awape wazazi.

ZAWADI: Wazazi wako Goma!

MUDI: Basi wamfungie pilau. Hapana, dada, hili ni suala zito. Kule kwetu mweka hazina wa kamati anakufuata hadi msibani. Anakupa pole, anashika mkono, kisha: "Ile ahadi vipi?" Huyo angewekwa uhamiaji, hakuna mtu angepitiliza viza duniani.

ZAWADI: Mimi nilitumiwa kadi ya single, na mchango nilimaliza wote.

MUDI: Single? Kwa kiasi gani?

ZAWADI: Hatutaji kiasi hewani.

MUDI: Wasikilizaji, katoa kidogo.

ZAWADI: Mudi! Turudi kwa ofisa. Akasema kuna njia ya pili, ya mtu mmoja mmoja. Ukishamaliza mwaka mzima wa masomo, ukapatwa na dhiki usiyoisababisha, mfadhili kakwama, sarafu imeanguka, ofisa anakuunga mkono, unajaza fomu I-765 ya kuomba kibali cha kazi, unasubiri Idara ya Uhamiaji. Ukikubaliwa unafanya kazi nje ya chuo. Lakini ni saa 20 zile zile, na krediti 12 hazipungui. Ndiyo maana nina hasira. Bomu la Goma lina tofauti gani na la Kharkiv, kule Ukraine?

MUDI: Hapo nakuacha. Mimi naona bora Kongo haimo.

ZAWADI: Umesemaje?

MUDI: Sikiliza. Shahada kwa kawaida ni krediti 120. Akienda sita sita, ni mihula 20. Huku anaosha vyombo saa 40, mshahara unarudi kwa mhasibu wa chuo kile kile. Hiyo nafuu ni ya nani?

ZAWADI: Nani kasema asome hivyo hadi mwisho? Tangazo lina muda, kawaida mwaka na nusu hivi. Ni la kumvusha.

MUDI: Vita ya kule imeshawahi kwisha kwa mwaka na nusu? Ahamie Kampala au Dar. Kongo iko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

ZAWADI: Na krediti zake nani atazipokea? Akishatoka hapa, viza nyingine atapewa na nani? Wewe unasema "ahamie" kama anahama Sinza kwenda Mwenge.

MUDI: Nasema chuo kinachompenda kimpunguzie ada, kisimwongezee masufuria.

ZAWADI: Chuo kimekataa! Kimempa mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kidogo hicho kinatoka wapi bila saa za ziada?

MUDI: Sikubaliani, dada.

ZAWADI: Na mimi sikubaliani. Ungekuwepo ofisini ungenyamaza.

MUDI: Ningesema hivi hivi.

ZAWADI: Haya.

MUDI: Haya. Fundi ananionyesha vidole vitatu. Dakika tatu. Ile karatasi?

ZAWADI: La kwanza: nenda ofisini kabla ya kuacha somo, siyo baada. La pili, barua ya benki ya—

MUDI: Dada, mdhamini hajasomwa.

ZAWADI: Barua ya benki, na kama benki imefungwa—

MUDI: Vidole viwili.

ZAWADI: Msome basi mdhamini wako.