Tope Jeusi la Nakivubo: Metali Nzito Zinakwenda Wapi?

Mabibi na mabwana, kinyesi kikiingia kwenye ardhioevu huoza. Risasi, kadimiamu na shaba haziozi. Huhama tu: zikatoka kwenye maji zikaingia kwenye tope, zikatoka kwenye tope zikaingia kwenye mizizi.

Tuchukue Nakivubo, Kampala. Mfereji wake hupokea maji ya barabarani, ya gereji, ya viwanda na ya mtambo wa majitaka wa Bugolobi, kisha humwaga kwenye mafunjo kabla ya Ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Mtambo wa Ggaba unavuta maji ya kunywa ya jiji kutoka ghuba hiyohiyo.

Mafunjo yakiwa mazima huelea kama mkeka, na maji hupita chini yake taratibu hadi chembe za tope zikatua. Lile tope jeusi linalonuka yai viza halina oksijeni. Salfaidi iliyomo, yaani kampaundi ya salfa, huzikamata metali zisiyeyuke. Harufu hiyo inayotukera ni dalili kwamba kufuli bado limefungwa.

Sasa mtu achimbe mtaro apande magimbi. Tope linakauka, hewa inaingia, salfaidi inageuka asidi, metali zinaachiwa. Mvua inasomba nyingine ziwani, nyingine zinafyonzwa na mmea. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za mizizi ni miligramu 0.1 ya risasi kwa kilo. Kwa mboga za majani ni 0.3. Kuosha huondoa tope la juu tu, na kuchemsha hakuvunji metali. Hata kuvuna mafunjo hakusaidii sana, kwa sababu sehemu kubwa ya metali hubaki mizizini.

Kwenye upimaji ndiko tunakoharibu zaidi. Watu huchota maji kiangazi, katikati ya mfereji, wakapata majibu mazuri. Kumbe mzigo uko kwenye tope na kwenye maji ya mvua za mwanzo. Chukueni tope la sentimita 10 za juu kwa kijiko cha plastiki, kamwe si cha chuma. Chupa ya kuchotea maji iloweke kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa. Maji yachujwe kwa chujio la mikromita 0.45 kwanza, ndipo yatiwe asidi hadi pH, kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2. Mkitanguliza asidi, metali zilizoshikamana na chembe za tope zitayeyuka ndani ya chupa, na maabara itaziandika kama zilizoyeyuka mferejini.