Injini ya Datsun 1600 SSS Imenoki: Tuifungue, Tuijenge Upya

Karibu gereji, mtazamaji wangu. Gari unaloliona hapa ni Datsun 1600 SSS, aina ileile ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliendesha wakashinda Safari Rally mwaka 1970. Hili linaandaliwa kwa mbio za magari ya zamani. Kwenye mazoezi lilipiga jiwe, sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka, oili ikamwagika njiani, na dereva akaendelea kilomita chache akitafuta mahali pa kusimama. Injini ikaanza kugonga, halafu ikanoki, yaani ikafa.

Injini tumeshaishusha, iko mezani. Usiwe na haraka ya kuagiza vipuri. Kwanza chukua filta ya oili, ikate kwa kifaa cha kukatia filta, ukunjue karatasi yake juani. Sogea karibu uone. Hizi chembe nyeupe zinazometameta ni tabaka la juu la beringi, vile vipande laini vinavyoshika mti unaozunguka. Hizi zenye rangi ya shaba ni tabaka la chini yake, maana yake beringi imelika hadi ndani. Pitisha sumaku: zikinasa, kuna chuma cha krenki, mti mkuu unaozungushwa na pistoni, au cha sehemu nyingine humo. Hii karatasi imeshaniambia mengi kabla sijafungua bolti hata moja.

Sasa tufungue. Kabla ya kutoa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, geuza krenki hadi pistoni ya silinda namba 1 iwe juu kabisa kwenye mgandamizo, kisha tia alama ya rangi kwenye cheni na kwenye gia ya kemshafti, mti unaofungua valvu. Kama unatoa hedi peke yake bila kufungua kifuniko cha mbele, chonga kabari ya mbao uishindilie katikati ya cheni, la sivyo kikaza cheni kitachomoka na utalazimika kufungua mbele yote. Sisi tunafungua kila kitu, kwa hiyo kabari hatuihitaji. Kumbuka pia zile bolti mbili ndogo za mbele zinazoshika hedi kwenye kifuniko cha cheni. Mtu akizisahau huanza kuchokonoa hedi kwa bisibisi, na hedi hii ni ya aluminiamu, inachubuka upesi.

Roka zote, vile vikono vinavyosukuma valvu, zipange kwenye ubao wenye namba. Kila roka imezoeana na jino lake la kemshafti. Ukizichanganya, meno ya kem yataanza kulika.

Geuza bloku, yaani mwili wa injini, tutoe konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki. Vifuniko vya konrodi havibadilishani hata siku moja. Angalia namba zilizogongwa ubavuni. Namba 1, sawa. Namba 2, sawa. Namba 3, tazama: beringi imezunguka ndani ya konrodi, imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na shingo ya krenki imekuwa ya buluu kwa joto. Hapa ndipo palipokuwa pakigonga. Konrodi hii haifai tena. Tundu lake kubwa limeshapoteza uduara, na mimi singeweka maisha ya injini ya mashindano juu ya konrodi iliyowahi kuungua. Tafuta nyingine yenye uzito sawa na wenzake, na bolti za konrodi ziwe mpya zote, pea nne.

Krenki inakwenda karakana ya mashine. Shingo za konrodi kwenye injini hii zikiwa mpya ni karibu 49.97 mm. Fundi wa mashine atazisaga hadi saizi ya kwanza ya chini, yaani pungufu ya 0.25 mm, na kama alama za kuungua hazijaisha atashuka hadi 0.50. Beringi nunua baada ya krenki kurudi na wewe mwenyewe kuipima kwa maikromita. Mwombe pia aichunguze kama ina nyufa.

Silinda za injini hii zina kipenyo cha 83 mm. Ukikuta zimelika zaidi ya 0.2 mm, zichongwe na uweke pistoni za saizi kubwa. Zetu zimelika kidogo tu, kwa hiyo tunazipiga jiwe la kusugulia ili ringi mpya zishike. Hedi iweke rula ya chuma juu yake: ikiwa imepinda kupita 0.1 mm, isawazishwe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi zinapokufa mara ya pili. Miaka iliyopita nilijenga injini kama hii kwa uangalifu wote, vipuri vyote vipya, nikairudisha kwenye gari. Haikumaliza siku mbili, beringi zikaanza kugonga. Nilipofungua nikakuta chembe zilezile za injini ya zamani. Zilikuwa zimejificha ndani ya kipoza oili. Mwenye gari alinyamaza tu akiangalia ile krenki mpya yenye mikwaruzo, na ule unyamavu wake sijausahau.

Kwa hiyo: kipoza oili kilichokuwa kwenye injini iliyonoki hakioshwi, kinatupwa, pamoja na mabomba yake. Kwenye bloku toa plagi za mfereji mkuu wa oili, mbele na nyuma. Pitisha brashi ndefu, mwaga petroli, pitisha tena, kisha puliza hewa. Rudia hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kwenye krenki fanya hivyohivyo kwa kila tundu la oili, ukitumia brashi nyembamba ya kuingia ndani kabisa. Mimi hutenga siku nzima kwa kazi hii.

Kufunga. Laza krenki kwenye beringi kuu tano zilizopakwa oili. Nafasi ya beringi kuu iwe kati ya 0.02 na 0.06 mm, ipime kwa uzi wa plastiki unaobanwa na kusomwa upana wake. Krenki ikishafungwa lazima izunguke kwa mkono. Pistoni zina herufi F, ielekee mbele, na kitundu cha oili cha konrodi kiwe upande wa kulia wa injini. Bolti za hedi kaza kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na vipimo vya kijitabu cha kiwanda.

Pampu ya oili ijaze oili kabla ya kuifunga. Ule mti wake unaopanda kuzungusha distribyuta, kigawa moto cha plagi, ukiutazama kutoka juu, ulale kama mishale ya saa: mmoja kwenye 11, mwingine kwenye 5, na upande mdogo uelekee mbele. Ukikosea jino moja, hutapata taimingi, yaani wakati sahihi wa moto, hata uzungushe distribyuta vipi. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Nafasi ya valvu ipime injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.20 mm, za kutolea moshi 0.25.

Kwenye sampu mpya tumechomelea vizuizi vya bati ili oili isikimbie chujio kwenye kona, na sampu gadi tumeishusha kidogo isiguse sampu ikigongwa.

Usiwashe bado. Toa plagi zote za moto, piga stata hadi geji ya oili ipande. Imepanda? Rudisha plagi, washa, na usiiache injini isailensi, yaani izunguke polepole bila kukanyagwa mafuta. Ishike kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika ishirini, ukiangalia geji ya joto na ya oili. Sikiliza. Hakuna kugonga.

Zima, iache ipoe, mwaga oili yote ingawa ni mpya, na kata filta tena. Hii hapa karatasi yake, naikunjua juani kama mwanzo. Kuna vumbi jembamba la ringi zinazojizoesha. Nyeupe hakuna, shaba hakuna. Nipe filta mpya, kijana, tujaze oili.