Saa ya modeli si saa ya skrini: kujenga uigaji kwa JavaScript

Karibuni. Tuanze na mstari mmoja wa msimbo, huu hapa ubaoni:

x += 3;

Kila fremu, yaani kila picha mpya ya skrini, inapochorwa, mpira unasogea pikseli 3. Karibu kila anayejifunza kuiga mwendo ndani ya kivinjari huanzia hapa, na mpira unasogea kweli, kwa hiyo anaridhika. Sasa tupige hesabu. Skrini inayochora mara 60 kwa sekunde itaupeleka mpira pikseli 180 kwa sekunde. Skrini inayochora mara 144 itaupeleka pikseli 432. Fizikia ni ileile, kilichobadilika ni kioo tu. Uigaji ambao majibu yake yanategemea kioo cha mtazamaji hautuambii lolote kuhusu dunia, hata ukipendeza vipi.

Hoja yangu leo ni kwamba wakati wa modeli uwe mali yetu sisi tunaoandika modeli. Kivinjari kina saa yake, nayo ni ya kuchora. Ukizichanganya hizo saa mbili, makosa mengine yote yanapata mlango wa kuingilia.

JavaScript inatupa requestAnimationFrame. Kila kivinjari kinapokuwa tayari kuchora, kinaita fanksheni yetu na kuipa wakati wa sasa kwa milisekunde. Wengi wanatoa wakati wa fremu iliyopita, wanapata pengo, kisha wanalitumia pengo hilo kama hatua ya hesabu. Ni afadhali kuliko ule mstari wa kwanza, lakini hatua yenyewe inakuwa inayumba: mara milisekunde 16, mara 34 kompyuta ikielemewa. Njia salama ni kuweka pengo kwenye akiba, halafu kutoa humo hatua zenye ukubwa uleule:

const HATUA = 1 / 120;
let akiba = 0, mwisho = null;

function fremu(sasa) {
  if (mwisho === null) mwisho = sasa;
  let pengo = (sasa - mwisho) / 1000;
  mwisho = sasa;
  if (pengo > 0.25) pengo = 0.25;
  akiba += pengo;
  while (akiba >= HATUA) {
    sogeza(HATUA);
    akiba -= HATUA;
  }
  chora(akiba / HATUA);
  requestAnimationFrame(fremu);
}
requestAnimationFrame(fremu);

Tazameni ule mstari wenye 0.25. Mtu akihamia kichupo kingine, kivinjari huacha kuita fremu. Akirudi baada ya dakika mbili, pengo ni sekunde 120, yaani hatua 14,400 zinazodaiwa kwa mkupuo. Ukurasa unaganda. Kikomo hicho kinasema deni lisizidi hatua 30 kwa fremu, muda uliobaki tunausamehe. Kinatukinga pia na balaa lingine: fanksheni ya sogeza ikichukua muda mrefu kuliko hatua inayoihesabu, kila fremu inazaa deni kubwa kuliko iliyotangulia. Ukiona hivyo, punguza kazi ndani ya sogeza, usiguse kikomo.

Namba inayopelekwa kwenye chora iko kati ya 0 na 1. Ni kipande cha hatua ambacho hakijatimia. Hifadhi mahali pa zamani na mahali papya pa kila kitu, uchore katikati kwa uwiano huo, la sivyo mwendo utaonekana wa kushtuka-shtuka. Na ukitaka kujua uigaji umefika sekunde ya ngapi, hesabu hatua kwa namba nzima kisha zidisha kwa HATUA. Ukijumlisha 0.1 mara kumi katika JavaScript hupati 1, unapata 0.9999999999999999, kwa sababu namba zake huhifadhiwa kwa biti 64 za mfumo wa 0 na 1 tu, na 0.1 haina umbo kamili humo. Sharti lililoandikwa t === 1 halitatimia kamwe.

Tuingie ndani ya sogeza, nasi tukae hapo kidogo. Chukueni springi yenye ukakamavu k = 100 na tungamo m la kilo 1. Katika msimbo, x ni mahali, v ni kasi, a ni mchapuko na dt ni ukubwa wa hatua. Haina msuguano, kwa hiyo ikivutwa sentimita 10 inatakiwa iende na kurudi sentimita 10 milele.

const a = -k * x / m;
x += v * dt;
v += a * dt;

Inasomeka vizuri, na ni kosa. Mahali panasogezwa kwa kasi ya zamani, kasi inasogezwa kwa mchapuko wa zamani, na kila hatua inaongeza nishati kidogo ambayo haikutoka popote. Kidogo kiasi gani? Kwa springi hii na hatua ya 1/60, upana wa mwendo unakua kwa takriban asilimia 1.4 kila hatua. Baada ya sekunde moja zile sentimita 10 zimekuwa karibu 23. Baada ya sekunde kumi upana umezidi mara 3,700 ya ule wa mwanzo. Sasa badilisheni mistari miwili ya chini ipishane, kasi isogezwe kwanza:

const a = -k * x / m;
v += a * dt;
x += v * dt;

Nishati sasa inapanda na kushuka kidogo ndani ya kila mzunguko, lakini haikimbii. Kupishanisha mistari miwili kumeiokoa springi, na gharama ya hesabu haijaongezeka hata chembe. Ndiyo maana nawasihi msiikimbilie maktaba kabla ya kuandika hii kwa mkono wenu.

Njia hii nayo ina mpaka. Zidisha hatua kwa kipeuo cha pili cha k gawanya kwa m, jibu lisifike 2. Kwa kilo 1 na hatua ya 1/60, mpaka ni k = 14,400. Springi ngumu kuliko hiyo italipuka, na dawa ni kupunguza hatua au kulainisha springi. Kuongeza msuguano wa bandia ili mlipuko usionekane ni kuficha ugonjwa.

Mlipuko wenyewe JavaScript haiutangazi. Ukigawanya kwa sifuri, haisimamishi programu: inakupa Infinity (isiyo na kikomo), au NaN ("si namba") kama juu napo ni sifuri. Chembe mbili zikikutana mahali pamoja, umbali ni 0, mwelekeo wa kani unakuwa 0/0, na NaN inaingia kwenye kani. Kutoka kani inapanda kwenye kasi, kutoka kasi kwenye mahali, na hatua inayofuata kila chembe inayovutana na hiyo imeambukizwa. Mbele ya macho yako skrini inabaki tupu bila ujumbe wowote wa hitilafu. Kuuliza x === NaN hakusaidii, kwa kuwa NaN hailingani hata na yenyewe. Wakati wa kujenga, weka Number.isFinite mwishoni mwa kila hatua, na ikijibu hapana, simamisha programu uandike namba ya hatua na namba ya chembe. Hapo utaikamata chembe ya kwanza kuugua badala ya kuhangaika na mia zilizoambukizwa.

Kuhusu vipimo: fanyeni hesabu zote kwa mita na sekunde, pikseli zije wakati wa kuchora tu. Kumbukeni kwamba kwenye turubai ya kivinjari mhimili wa y unaelekea chini. Geuzeni ishara mahali pamoja, ndani ya chora, si kila palipo na mvutano wa dunia.

Kasi ya programu nitaipitia haraka, maana wengi huanza kuihangaikia mapema mno. Chembe 10,000 zikilinganishwa kila moja na kila moja ni jozi 49,995,000 kwa hatua. Hakuna ujanja wa msimbo utakaoliokoa hilo. Gawa eneo kwa miraba yenye upana sawa na umbali wa kugusana, kila chembe iulize mraba wake na minane inayouzunguka. Pia usitengeneze vitu vipya ndani ya hatua. Kwa chembe hizo na hatua 120 kwa sekunde, kitu kimoja kwa kila chembe ni vitu 1,200,000 kwa sekunde, na mfumo wa kusafisha kumbukumbu utalazimika kukusimamisha mara kwa mara. Float64Array (safu ya namba yenye ukubwa usiobadilika) moja ya x, nyingine ya y, zikitengenezwa mara moja mwanzoni, zinatosha.

Sasa bahati nasibu. Math.random haikubali mbegu: huwezi kuiambia ianze palepale ilipoanzia jana. Kwa mchezo si neno. Kwa uigaji ni msiba, kwa sababu kosa lililojitokeza mara moja hutaliona tena. Tumieni kizalishaji chenu chenye mbegu. Mulberry32 ni mistari michache tu na inatosha kwa kazi za kujifunzia. Wekeni vizalishaji viwili tofauti pale kuna mambo mawili ya nasibu, tuseme kufika kwa wateja na muda wa kuwahudumia. Siku mkibadilisha upande wa huduma, wateja watafika kwa nyakati zilezile, na tofauti mtakayoiona itakuwa imetokana na mabadiliko yenu.

Uigaji wa foleni hauhitaji fremu kabisa. Saa inaruka kutoka tukio hadi tukio. Matukio yanakaa kwenye orodha iliyopangwa kwa wakati, na hapa JavaScript ina mtego: sort bila maelekezo hupanga kwa herufi. [9, 10, 1].sort() inaleta 1, 10, 9. Matukio yakiwa vitu vyenye sehemu ya wakati, yote yanageuzwa kuwa maandishi yaleyale na orodha inabaki ilivyokuwa, kimya kabisa. Andikeni sort((a, b) => a.wakati - b.wakati), na kabla ya kutekeleza tukio lolote kagueni kwamba wakati wake si mdogo kuliko saa. Saa ikirudi nyuma, programu isimame.

Halafu jipimeni kwa swali ambalo jibu lake linajulikana. Foleni ya mhudumu mmoja, wateja wakifika kwa wastani wa 0.8 kwa dakika, mhudumu akiweza kuhudumia 1 kwa dakika, mapengo kati ya wateja na muda wa huduma vyote vikifuata mtawanyiko uitwao kwa Kiingereza exponential: nadharia inasema wastani wa kusubiri kabla ya kuhudumiwa ni dakika 4 kamili. Hapa chini N ni idadi ya wateja, nasibuA na nasibuB ni vile vizalishaji viwili.

let subira = 0, jumla = 0;
for (let i = 0; i < N; i++) {
  const huduma = -Math.log(1 - nasibuB()) / 1;
  const pengo = -Math.log(1 - nasibuA()) / 0.8;
  subira = Math.max(0, subira + huduma - pengo);
  jumla += subira;
}

Ile 1 - ipo kwa sababu kizalishaji kinaweza kutoa 0 lakini hakitoi 1, na logi ya 0 ni Infinity hasi. Gawa jumla kwa N. Wateja 100 hawatoshi: foleni ilianza tupu, na msongamano mmoja mrefu unavuruga wastani wote. Chukua milioni moja, rudia kwa mbegu kumi, uone majibu yanavyotawanyika kuizunguka 4. Ukipata 5, umejumlisha dakika ya huduma ndani ya subira. Ukiona wastani unazidi kupanda kila unapoongeza N, umezidisha kwa 0.8 pale ulipotakiwa kugawanya: wateja wako wanafika kwa kasi kuliko wanavyohudumiwa, na foleni hiyo haina mwisho.