Patisheni Ndogo Zinazokwamisha Mfumo Mpya

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanahamia Windows 11, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: "C ina nafasi tele, mbona kompyuta inasema imeshindwa kusasisha patisheni ya mfumo?" Jibu linalosambaa ni la mkato: fomati diski, anza upya. Linaniuma, kwa sababu mtu hupoteza picha na kazi za miaka kwa tatizo ambalo lingekwisha bila kugusa faili lake hata moja.

Tuanze na ramani ya diski. Fungua programu ya kusimamia diski, ile iitwayo Disk Management, uitazame kabla ya kubofya chochote. Utaona kwamba diski imegawanywa vipande, ndivyo vinavyoitwa patisheni, na kwamba C ina majirani. Kuna patisheni ya EFI, mara nyingi ya MB 100 tu, inayobeba faili za kuwashia kompyuta. Kuna patisheni ya urejeshaji, inayotumika mfumo unapogoma kuwaka. Hizi hazina herufi, kwa hiyo ukifungua folda zako huzioni, na ukifuta video za GB 50 kwenye C huziongezei hata baiti moja. Kisakinishi kinapolalamika juu ya patisheni ya mfumo, kinaizungumzia hiyo ya MB 100. Hujazwa na fonti za lugha nyingi za skrini ya kuwashia, na wakati mwingine na faili zinazoachwa na programu za kupambana na virusi au na mtengenezaji wa kompyuta.

Kwa diski ya GPT, yaani yenye jedwali la patisheni la aina mpya, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mountvol y: /s ili patisheni hiyo ipewe herufi Y, kisha ufute fonti zilizomo ndani ya folda ya EFI\Microsoft\Boot\Fonts. Fonti tu. Folda za jirani ndizo zinazoiwasha kompyuta. Ukizifuta, haitawaka tena.

Lakini kabla ya hayo yote, nakala rudufu. Iwe kwenye diski nyingine kabisa. Patisheni D ya diski ileile haihesabiki. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoificha data kwa ufunguo, hakikisha unao ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, kisha usitishe ulinzi huo kwa muda. Nalisisitiza hili kwa sababu kompyuta ikiuomba ufunguo huo nawe huna, data yako ipo palepale lakini huifikii.

Sasa patisheni ya urejeshaji. Januari 2024 sasisho la KB5034441 lilikwama kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 likitoa msimbo 0x80070643, na chanzo kilikuwa patisheni hiyo kukosa MB 250 za ziada. Dawa yake ni kuizima kwa reagentc /disable, kuipunguza C kwa MB 250, kuifuta patisheni ya urejeshaji na kuiunda upya ikiwa kubwa zaidi, kisha reagentc /enable. Kazi hiyo hufanywa kwa diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski kwa amri, na diskpart haikuulizi mara mbili. Andika list disk, linganisha ukubwa na diski unayoikusudia, ndipo uchague. Chomoa kwanza diski zote za nje.

Patisheni hiyohiyo ndiyo inayowachanganya wanaotaka kuitanua C. Wana nafasi huru, lakini kitufe cha kutanua kimefifia. Windows huitanua C kuelekea nafasi inayoifuata moja kwa moja tu, na katikati amekaa huyo jirani. Ni kama shamba: huwezi kuongeza mipaka yako kwa kuruka kiwanja cha mwingine.

Liko pia suala la jedwali la patisheni lenyewe. MBR, jedwali la aina ya zamani, ni ya tangu 1983. Ina nafasi 4 za patisheni kuu na, kwa sekta za kawaida za baiti 512, haivuki takribani TB 2. Windows 11 inadai UEFI, njia ya kisasa ya kuiwasha kompyuta iliyochukua mahali pa BIOS ya zamani, nayo UEFI huiwasha Windows kutoka diski ya GPT. Tangu toleo la 1703 la Windows 10 ipo amri ya mbr2gpt inayobadilisha diski bila kufuta data. Tanguliza mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikataa, mara nyingi ni kwamba patisheni kuu ni zaidi ya 3 au ipo patisheni ya ziada iliyogawanywa ndani. Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate, kisha ingia kwenye mipangilio ya BIOS uihamishie UEFI. Hatua hii ya mwisho ikisahauliwa, skrini hubaki nyeusi na mtu hudhani diski imekufa, kumbe kila kitu kiko salama.

Wenzetu mnaotumia Ubuntu, mfumo wa Linux, kwenu inayojaa ni patisheni ya /boot, kwa kerneli za zamani, yaani matoleo ya zamani ya kiini cha mfumo. Amri ya sudo apt autoremove --purge kwa kawaida hutosha.

Mfumo mpya ukishawaka, Windows hukupa siku 10 za kurudi kwenye ule wa zamani. Katika siku hizo usifute folda ya Windows.old wala usipange upya patisheni. Jaribu printa, sauti, na programu zako za kazi. Sasa nayakaribisha maswali, na mwenye picha ya ramani ya diski yake ailete hapa mbele tuitazame pamoja.