Ukuta Usiofika Paa: Mhadhara Kuhusu Hadithi za Jirani Mwenye Siri

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa hapa mbele, na ninyi wasomaji wenzangu, nashukuru kwa nafasi hii. Naomba nianze na neno ambalo huenda baadhi yenu wataona halistahili hadhara kama hii, nalo ni chabo. Sisi tuliokulia katika nyumba za kupanga tunalijua vizuri, kwa sababu mtoto aliyekamatwa akipiga chabo kwenye tundu la kitasa alichapwa kwanza, na baada ya hapo hakuna mtu mzima aliyejali kumuuliza alikuwa ameona nini. Aina ya hadithi niliyoombwa kuizungumzia leo, yaani hadithi ya taharuki inayomhusu jirani mwenye siri nzito, imesimama juu ya swali hilo ambalo sisi hatukuulizwa. Umeona nini? Na likishajibiwa hilo, hufuata la pili lililo gumu zaidi: sasa utafanya nini na ulichokiona?

Mifano ya hadithi hizi ni mingi mno, na mingi kati yake haistahili muda wenu. Nitakaa zaidi na filamu moja, Rear Window, ambayo Alfred Hitchcock aliitoa mwaka 1954, kwa sababu kila aliyekuja baada yake kuandika habari za jirani wa kutiliwa shaka amekopa humo, awe amekiri au amenyamaza. Mpiga picha mmoja wa New York, Jeff, amevunjika mguu na kufungwa plasta hadi kiunoni. Ni kiangazi, joto limezidi, na watu wa mtaa mzima wameacha madirisha wazi. Jeff hana la kufanya isipokuwa kukaa kwenye kiti chake cha magurudumu na kutazama ng'ambo ya ua wa nyuma, ambako yupo msichana mcheza dansi, yupo mtunzi wa muziki anayehangaika na wimbo usiokamilika, na yupo mwanamke mpweke anayeandaa meza ya watu wawili, akafungua mlango, akamkaribisha mgeni asiyekuwepo na kumjazia glasi. Katika fleti mojawapo anaishi Thorwald, mchuuzi wa vito vya bei nafuu, pamoja na mkewe mgonjwa asiyetoka kitandani. Asubuhi moja kitanda hicho kinaonekana kitupu.

Ua huo wote ulijengwa ndani ya studio ya Paramount huko Hollywood: fleti 31, ngazi za kutorokea moto, bustani ndogo ya maua, na sakafu ya studio ikafukuliwa ili ua ukae chini kama inavyotakiwa. Gharama hiyo ilikuwa na sababu. Karibu muda wote kamera haitoki chumbani mwa Jeff. Tunaona kile ambacho mtu wa dirisha lile angeweza kukiona, na tunasikia kile ambacho upepo ungeweza kumletea. Thorwald na mkewe wanagombana, lakini maneno hayafiki. Tunaona mikono tu ikirushwa. Mwandishi anayeingia moyoni mwa jirani mwovu na kutusimulia mipango yake tangu ukurasa wa tatu ameshaibomoa nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa taharuki ya aina hii hukaa katika ule upana wa ua usiovukika.

Hebu tuzitazame dalili zenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye ufundi. Usiku wa mvua, Thorwald anatoka na sanduku lake la biashara mara tatu na kurudi mara tatu. Kesho yake anaonekana akifunga msumeno na kisu kirefu ndani ya gazeti. Kisha kunakuja sanduku kubwa la safari, nalo linafungwa kwa kamba nene. Jeff anaamini kwamba mwanamke ameuawa. Anamwita rafiki yake mpelelezi wa polisi, naye anafanya kazi yake kama inavyopaswa na kurudi na majibu: mwanamke alionekana akiondoka na mumewe alfajiri kuelekea stesheni, sanduku lilifika salama na lilipofunguliwa lilikuwa na nguo za kike tu. Kila dalili ina maelezo mawili, na yale yasiyo na hatia ndiyo yenye akili zaidi. Mwandishi mchanga huogopa maelezo hayo ya pili akidhani yatamharibia hadithi, ilhali ndiyo yanayoibeba.

Hitchcock anaongeza jambo lingine la kijasiri. Alfajiri ile Jeff amesinzia kitini, na kamera, badala ya kusinzia naye, inatuonyesha sisi Thorwald akitoka na mwanamke aliyevaa mavazi meusi. Jeff hakumwona. Kuanzia hapo tunakaa na ushahidi unaomwokoa mtuhumiwa, na bado tunamtaka awe na hatia. Mimi hujiuliza kila ninapoitazama sehemu hiyo: ni nani hasa aliye na jambo la kuficha, yule mchuuzi au mimi niliyekaa gizani nikiomba Mungu mke wa mtu awe ameuawa ili jioni yangu isipotee bure?

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina damu wala mbio. Kijibwa cha majirani kimekutwa kimenyongwa uani. Mwenye mbwa analia kutoka roshani yake, akiwashutumu wote kwamba hawajui maana ya ujirani, kwamba hapana anayejali kama mwenzake yu hai au amekufa. Watu wote wamejitokeza madirishani. Dirisha moja tu ni giza tupu, na ndani ya giza hilo kidoa chekundu cha moto wa sigara kinawaka, kinafifia, kisha kinawaka tena. Thorwald amekaa kimya akivuta. Hatuoni uso wala mkono, lakini tumeshajua. Angekuja dirishani kushangaa pamoja na wenzake, asingeshukiwa. Alichokosa ni adabu ya kuhudhuria msiba wa jirani.

Wazo la msingi la filamu hiyo lilitoka kwenye hadithi fupi ya Cornell Woolrich iliyochapishwa mwaka 1942, ambamo msimulizi hatuambii kwa nini hatoki chumbani mwake hadi mwishoni kabisa, daktari anapokuja kumwondolea plasta ya mguu. Lakini pete ya ndoa ya mke wa Thorwald, ambayo kwenye filamu ndiyo ushahidi mkuu, Hitchcock mwenyewe alieleza kwamba wazo lake lilitokana na kesi ya kweli, ya Dk. Hawley Crippen wa London. Mwaka 1910 mke wa Crippen, msanii wa majukwaani, alitoweka. Crippen aliwaambia watu kwamba mkewe amekwenda Marekani, na baadaye kwamba amefia huko. Huenda yangeishia hapo, kwa kuwa maneno hayo hayakuwa na kasoro iliyo wazi. Ila karani wake wa kike, ambaye alikuwa mpenzi wake, alihudhuria dansi akiwa amevaa bruchi ya yule marehemu, na marafiki wa marehemu wakaiona na kuitambua. Mwezi Julai polisi walifukua mabaki ya mwili chini ya sakafu ya stoo ya nyumba yake. Crippen alikwisha kutoroka pamoja na mwanamke huyo, na siku chache baadaye wakapanda meli kwenda Kanada, mwanamke akiwa amevalishwa kama mvulana, lakini nahodha aliwatambua na kupeleka habari kwa simu ya upepo. Alinyongwa mwezi Novemba mwaka huohuo. Mitambo ya kisasa ilimkamata baharini, ndiyo, lakini kilichoanzisha yote ni macho ya wanawake waliojua pambo la mwenzao na kukataa kunyamaza.

Kunyamaza ndilo neno ninalotaka tulichukue tunapokwenda mbele. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza, Marie Belloc Lowndes, alitoa riwaya iitwayo The Lodger, nayo kwa maoni yangu inatuhusu sisi kuliko filamu zote za Hollywood. Mume na mke, waliowahi kuwa watumishi wa majumbani, wameishiwa kabisa. Wamebaki na nyumba yenye vyumba vitupu na njaa inabisha hodi. Anatokea mpangaji mpole, mtu wa dini, anayelipa mapema tena bila kudai punguzo. Hutoka usiku. Huko nje, katika London ya ukungu, kuna mtu anayewaua wanawake. Mama mwenye nyumba hahitaji darubini, wala hana haja ya kuchungulia, maana husikia hatua zikishuka ngazi, husikia mlango wa mbele, na asubuhi huwasikia wauza magazeti wakipiga kelele. Anajua, au yuko jirani sana na kujua, na kila siku anampelekea mpangaji kifungua kinywa chake. Kijana wa polisi, rafiki wa familia, huja kunywa chai jikoni, na mama huyo humwongezea sukari huku moyo ukimwenda mbio. Baadaye mume naye anaanza kushuku, na wanandoa wawili wanalala kitanda kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Kodi ya nyumba ndiyo inayoshikilia taharuki hiyo. Nimesoma riwaya nyingi za jirani muuaji ambamo shujaa anachunguza kwa sababu tu ana udadisi, na ninaziona nyepesi, kwani udadisi ukishapata jibu hauna gharama. Mama huyu wa London akisema, atalala njaa. Asiposema, mwanamke mwingine atakufa barabarani. Hitchcock aliitengenezea filamu riwaya hiyo mwaka 1927, wakati sinema bado haina sauti, na akakumbana na tatizo zuri: utamwonyeshaje mtazamaji mlio wa hatua za mtu anayetembea chumba cha juu? Alitengeneza sakafu ya kioo kinene, akapiga picha kutoka chini, na tukaziona nyayo zikienda na kurudi juu ya vichwa vya wenye nyumba. Lakini alilazimika kumtakasa mpangaji mwishoni, kwa sababu aliyemwigiza alikuwa kipenzi cha mashabiki na haikuwezekana awe muuaji. Hilo ni suala la biashara, tuliache.

Sasa nije kwetu, kwa kuwa najua swali litakaloulizwa. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, tumekuwa na wapelelezi wazuri katika fasihi yetu, na baada yao wakaja majasusi wenye bastola na tiketi za ndege. Jirani wa kutisha, hata hivyo, hajakaa sana katika vitabu vyetu. Wapo wanaosema ni kwa sababu sisi tunajuana: mgeni anahamia, na kabla godoro halijashushwa kutoka kwenye mkokoteni, mtaa umeshajua kabila lake, kazi yake, na kwa nini aliondoka alikokuwa. Mbali na hayo, Tanzania imekuwa na balozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Katika mazingira hayo, wanasema, siri ya Thorwald isingemaliza hata wiki.

Sikubaliani nao. Wanachanganya kujua na kusema. Msamiati wetu wenyewe unawasuta: tuna kusitiri, tuna kufichiana aibu, tuna "mambo ya ndani", na tuna "ya nyumba hayatoki nje". Mbea anatukanwa hata anaposema kweli, tena hapo ndipo anapotukanwa zaidi. Jirani wa New York hajui kwa sababu hajali, kama alivyolia yule mwenye mbwa. Wa kwetu anajua, anajali, anapeleka uji, na hasemi. Hadithi ya ng'ambo ya ua ikihamishiwa Kariakoo kama ilivyo itakufa, ila ile ya hatua za chumba cha juu inaweza kuandikwa kesho asubuhi. Nakiri kwamba katika mitaa mipya pembezoni mwa Dar es Salaam, yenye mageti na nyaya za umeme juu ya uzio, ambako mlinzi ndiye pekee anayejua jina la mwenye nyumba, hadithi ya aina ya Jeff nayo inaanza kupata makazi. Vijana waliokulia huko wataiandika wao.

Mimi ningeanzia kwenye nyumba niliyokulia, yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, choo na jiko uani. Kuta zake hazikufika paa, wala hapakuwa na singibodi, hivyo mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita alimwambia pole. Chumba cha tatu, kilichopakana na chetu, aliishi bwana mmoja mpole sana na mkewe. Usiku fulani fulani ulisikika mlio kama wa kiti kuburuzwa, kisha sauti ya mwanamke ikikatika katikati. Mama alikuwa akinyanyuka na kuwasha redio. Mara nyingine ilikuwa usiku mkubwa, stesheni imeshafunga matangazo, na redio ilibaki ikivuma vuu, na mama amekaa kando yake kana kwamba anasikiliza taarifa ya habari. Asubuhi nilitumwa bakuli la uji chumba cha tatu, nikiwa nimeonywa nisimtazame mtu usoni.

Siku moja yule mwanamke hakuwepo. Mumewe alisema amekwenda kwao kumuuguza mama yake, na maelezo hayo yalitosha, kwa kuwa wanawake wengi huenda kwao kuuguza. Huenda ilikuwa kweli. Watu walimpa pole na hapana aliyeuliza kwao ni wapi. Aliishi nasi karibu miaka miwili baada ya hapo. Kila asubuhi alipita ukumbini akisalimia mlango kwa mlango, na mama alimwitikia, na redio yetu ikawa inazimwa saa tatu za usiku, kama za vyumba vingine.

Nakaribisha maswali.