Madeni, kubeti na upekuzi wa kazi nyeti

Mhadhara kwa vijana waombaji wa ajira, Mbeya mjini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli za Mwanjelwa na Kabwe mkaja kunisikiliza. Wengi wenu mnaomba kazi polisi, jeshini, benki, au Uhamiaji kule Tunduma, na swali mnaloniuliza kila tukikutana ni moja: mtu mwenye deni anapita kwenye upekuzi, yaani ule uchunguzi anaofanyiwa mwombaji kabla ya kukabidhiwa kazi nyeti?

Nitachukua mfano wa Marekani, maana vigezo vyao vya kumruhusu mtu kushika siri za serikali vimechapishwa wazi. Vya sasa vilianza kutumika Juni 2017. Viko 13, na kimoja kizima kinahusu fedha.

Wanachokiogopa ni mtu aliyebanwa, kwa sababu aliyebanwa hununulika. Aldrich Ames alikuwa ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Talaka ilimwachia madeni, na mwaka 1985 akaanza kuwauzia Wasovieti siri. Watu waliokuwa wakiisaidia Marekani kwa siri waliuawa kwa sababu yake. Alikamatwa Februari 1994, baada ya kupokea zaidi ya dola milioni 2. Nyumba yake ya dola 540,000 aliinunua kwa fedha taslimu.

Fomu ya mwombaji huko huuliza madeni ya miaka saba iliyopita, hasa yaliyochelewa zaidi ya siku 120. Lakini kwenye kamari hakuna miaka saba. Unaulizwa kama umewahi, maisha yako yote, kupata matatizo ya fedha kwa sababu ya kamari. Ukijibu ndiyo, unaeleza ulipoteza kiasi gani na umechukua hatua gani. Tena vigezo vyenyewe vinataja mambo mawili kwa jina: kukopa ili ucheze, na kuficha hasara ya kamari.

Hapa naomba tutulie. Tuseme kijana analipwa mshahara tarehe 25. Chukueni taarifa yake ya miamala ya simu. Saa moja jioni ametuma 10,000 kwenye kampuni ya kubeti. Saa tatu, 20,000. Mkeka umechanika. Saa tano usiku mkopo wa mtandaoni unaingia, na dakika chache baadaye wote umeshaenda kulekule. Asubuhi anamwambia mkewe mshahara umechelewa. Mpekuzi akiisoma karatasi hiyo hahitaji shahidi. Ameshamwona mtu anayekopa ili acheze, halafu anadanganya nyumbani. Mtu wa namna hiyo, akikaa usiku kwenye geti la mpakani na lori la magendo likasimama mbele yake, nani atamlaumu mpekuzi kwa kuogopa?

Deni lenyewe lina utetezi. Wamarekani hupima kama lilitokana na ugonjwa, kupoteza kazi au talaka, kama muda umepita, kama mtu ametafuta ushauri, na kama analipa kwa nia njema. Mtu mwenye deni kubwa aliyelieleza na anayelilipa anaweza kupita. Aliyeficha deni dogo kwa makusudi anaangukia kigezo kingine kabisa, cha mwenendo na ukweli, na hapo ndipo wengi wanapojimaliza wenyewe.

Kwetu pia jambo hili si geni. Tangu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, kiongozi hutoa tamko la rasilimali na madeni yake. Madeni yamo, na ni haki yawemo.

Linaniuma kuona vijana wenye akili, waliosomeshwa kwa viazi na mpunga wa wazazi wao, wakikosa kazi kwa sababu ya mikeka na mikopo ya kausha damu. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, chukua taarifa yako ya miamala ya miezi sita uisome mstari kwa mstari. Orodhesha madeni yote, hata ya shangazi. Nenda kwa kila anayekudai, kubalianeni kiasi unachokiweza kwa mwezi, muandikishane, na utunze kila risiti. Kubeti acha sasa, usisubiri tangazo la ajira litoke. Na mwenzako wa nyumbani aujue ukweli kutoka kwako kabla mpekuzi hajabisha hodi kumuuliza.

Karibuni kwa maswali.